Maswali kwa Mwalimu: Mstari uliopinda ulichorwa kwa ajili ya nani?

Ukurasa huu kwa kawaida hupata barua za riba, vikoba na bei ya mbolea. Mwezi huu zimekuja tatu zinazobisha nyumba moja kwa milango mitatu: rangi ya mtu iliingiaje kwenye vitabu vya uchumi? Nimezipa nafasi yote. Wa vikoba mnisamehe, zamu yenu mwezi ujao.

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uchumi, mwaka wa pili. Wiki iliyopita mhadhiri alituchorea mstari wa ugavi wa kazi, unaopanda halafu unapinda kurudi nyuma: mshahara ukizidi kupanda, mtu anapunguza kufanya kazi. Tulipoomba mfano akasema mfano maarufu ni Mwafrika wa enzi za mkoloni, aliyetafuta hela ya kodi tu, akiipata anarudi kwao kulala. Darasa lilicheka. Mimi sikucheka. Je, babu zetu walikuwa hivyo kweli, au ni ubaguzi uliovalishwa hesabu?* – Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Kabla sijakujibu nikiri kosa langu. Mstari huo nimeuchora mwenyewe ubaoni kwa miaka karibu thelathini, kwa rula ndefu ya mbao iliyomeguka ncha, na mfano niliotoa ni huohuo. Ulikuwa kitabuni, na mtihani uliutaka. Mwaka mmoja msichana wa kidato cha sita aliyekaa dirishani akanyoosha mkono: "Mwalimu, na mkuu wa shule akiongezwa mshahara, naye atapunguza kuja kazini?" Darasa likaangua kicheko, nami nikamwambia akae chini. Jioni nasahihisha madaftari ndipo nikatambua kwamba nimemnyamazisha kwa kuwa sikuwa na jibu.

Mstari wenyewe hauna kosa. Mtu yeyote aliyefika mahali pa kutosheka anaweza kuchagua kupumzika. Daktari bingwa anayefunga kliniki yake saa nane mchana ili akacheze gofu yuko kwenye mstari huohuo, na hakuna anayemwita mvivu. Kosa ni kuupaka mstari rangi ya ngozi ya mtu.

Na kinachonishangaza ni kwamba hadithi hii ya mvivu haikuanza na sisi. Ilianza na Waingereza, tena ikisimuliwa juu ya Waingereza wenzao. Karne ya 18 wenye mali wa kule waliamini kwamba kibarua akilipwa vizuri ataishia kilabuni. Arthur Young, mwandishi mashuhuri wa mambo ya kilimo, aliandika mwaka 1771 kwamba kila mtu isipokuwa mpumbavu anajua watu wa tabaka la chini lazima wawekwe katika umaskini, la sivyo hawatajituma. Aliokuwa akiwasema walikuwa weupe kama yeye, wanasali kanisa moja naye.

Miaka mitano baadaye, 1776, Adam Smith, yule anayeitwa baba wa uchumi, akaikata hoja hiyo. Alisema mshahara mzuri huongeza bidii, na kwamba mahali mishahara ilipo mikubwa utakuta wafanyakazi ni wachangamfu na wepesi kuliko ilipo midogo. Smith huyohuyo aliandika kwamba mwanafalsafa na hamali wa mtaani hawapishani sana kwa kuzaliwa. Kinachowatenganisha ni mazoea, desturi na elimu. Utotoni, anasema, hata wazazi wao wasingeona tofauti kubwa kati yao. Akaongeza kwamba kazi ya mtumwa, ingawa inaonekana kugharimu chakula chake tu, mwishowe ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu mtu asiyeweza kumiliki kitu hana haja nyingine ila kula sana na kufanya kazi kidogo iwezekanavyo. Angalia anavyokwenda: tabia ya mtumwa inatoka kwenye masharti ya kazi yake. Damu haimo.

Basi ukiuliza mvivu alifufukaje, tazama karne iliyofuata. Mwaka 1871 William Stanley Jevons, mmoja wa waliotuletea uchumi wa michoro na milinganyo tunaoufundisha hadi leo, alitoa kitabu chake kikubwa cha nadharia. Anaeleza vizuri kabisa jinsi mtu anavyopima uchovu wa kazi dhidi ya raha ya kipato. Kisha anaandika kwamba mtu wa jamii ya chini, mathalani mtu mweusi, hufurahia mali kidogo zaidi na huchukia kazi zaidi, hivyo juhudi zake hukoma upesi. Ndiyo hivyo tu, kama jambo ambalo kila msomaji analijua. Mvivu wa Arthur Young alikuwa maskini. Wa Jevons amekuwa mweusi. Hoja haijaguswa, mtu wake ndiye amebadilishwa.

Sasa njoo Kenya, maana huko hadithi ilitiwa kwenye sheria. Mwaka 1912 na 1913 tume ya serikali ilichunguza kwa nini walowezi hawapati vibarua. Lord Delamere, kinara wa walowezi, aliiambia tume kwamba ikiwa sera itaendelea kuwa kila mwenyeji amiliki ardhi ya kumtosha kujikimu, basi suala la kupata wafanyakazi wa kutosha halitatatuliwa kamwe. Isome tena polepole. Delamere hasemi Mwafrika ni mvivu. Anasema Mwafrika mwenye shamba hana sababu ya kuja shambani kwake. Kwa maoni yangu ni mkweli kuliko Jevons, na ni mwanauchumi bora pia: ameona kwamba kinachoamua ni kile alichonacho mtu nyumbani kwake kabla hajaja kukuomba kazi.

Na hatua zilizochukuliwa zilifuata hesabu hiyo. Watu wakawekewa mipaka kwenye maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya wenyeji. Kodi ya kibanda na ya kichwa ikadaiwa kwa fedha taslimu. Sheria ya kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha kibarua, ilipitishwa 1915, ikaanza kutumika baada ya vita, na mwanamume akawa anatembea na karatasi yake shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kahawa, zao lenye pesa, wenyeji wakafungiwa mpaka katikati ya miaka ya 1930. Mwaka 1921 walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Wangekuwa wanaiamini kweli nadharia ya mstari uliopinda, wangetarajia watu wafurike kazini kwa furaha. Waliopata ni Harry Thuku, kijana aliyeongoza Waafrika wa Nairobi kupinga hatua hizo, na mikutano yake. Alipokamatwa Machi 1922, umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi ulipigwa risasi.

Vuka mpaka uje huku kwetu Kilimanjaro, maana hapa pana kitu nilichokishika kwa mikono yangu.

Babu yangu mzaa baba aliacha sanduku la bati lenye kufuli bila ufunguo. Tulipolifungua kwa bisibisi, ndani kulikuwa na mafungu mawili ya karatasi. Fungu la kwanza ni stakabadhi za kodi. Moja inasomeka "Shs. 1" halafu tarakimu ya pili imeliwa na mende. Fungu la pili, nene mara tatu, ni risiti za kahawa. Karani ameandika ratili kwa wino wa zambarau uliochuja, na pembeni, kwa penseli, mwandiko wa babu mwenyewe akijumlisha upya. Hakumwamini karani. Kwenye risiti moja amejumlisha mara tatu, na mara ya tatu amekata mstari chini yake kwa nguvu hadi karatasi imechanika.

Huku, tofauti na Kenya, wenyeji waliruhusiwa kupanda kahawa. Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza wa Moshi baada ya Vita vya Kwanza, aliwahimiza, na mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha wapanda kahawa wenyeji. Walowezi walipinga: mara wenyeji wataeneza magonjwa ya mibuni, mara watawaibia kahawa, mara vibarua wataadimika. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likiwauma. Chama kikaja kuzaa KNCU mwaka 1933, ushirika ambao wengi wenu mnaujua kwa jengo lake pale mjini.

Nyanya alinisimulia msimu wa kuchuma ulivyokuwa. Babu anaamka jogoo wa kwanza, anachuma kahawa iliyoiva tu, anaikoboa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, anaiosha kwa maji ya mfereji kwa zamu yake hata ikiwa zamu imeangukia usiku, anaianika, anakaa na fimbo kufukuza kuku. Mvua ikitishia, nyumba nzima inakimbia. Mtu huyu hakufanya kazi kwa mlowezi hata siku moja. Kwenye ripoti za wakati ule yeye ni sehemu ya "upungufu wa nguvukazi". Mlimani alikuwa analipa kodi, anasomesha watoto watano, anajumlisha risiti mara tatu. Ukimchora kwenye mstari wako kwa kuhesabu siku alizofanya kazi ya kuajiriwa, jibu ni sifuri.

Na mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalimpata nani? Yalipata manamba, watu waliosafirishwa kutoka mbali, Kigoma na kwingineko, sehemu ambako kodi ilidaiwa ileile lakini zao la kuilipia halikuwepo. Mtu wa Kigoma aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao hakuwa na mvuto wa ajabu wa kulala. Alikuwa na shamba, mke na wazee, na mshahara uliopangwa kwa kudhani hana familia.

Aliyeliandika jambo hili kwenye uchumi wa kisasa likasikika ni mtu mweusi, W. Arthur Lewis, mzaliwa wa kisiwa cha St Lucia, mwaka 1915. Alitaka kuwa mhandisi, akaacha kwa sababu aliona wazi kwamba si serikali ya koloni wala makampuni ya Wazungu yangemwajiri mhandisi mweusi. Akasomea uchumi London. Makala yake ya 1954 kuhusu maendeleo na ugavi wa kazi usio na kikomo inafundishwa kila chuo, na bila shaka mhadhiri wako atafika huko. Atakapofika, msome Lewis mwenyewe. Utakuta anasema rekodi ya kila dola ya kikoloni Afrika ni ya kuufukarisha uchumi wa mkulima mdogo: kwa kumnyang'anya ardhi, kwa kumtoza kazi ya lazima, au kwa kumtoza kodi ili asukumwe kwenda kwa mwajiri. Anaeleza na sababu: mkulima akizidi kuzalisha kwake, mshahara wa kumtoa pale lazima upande. Mwaka 1979 alipewa Nobel pamoja na Theodore Schultz, aliyekuwa akisisitiza kwamba mkulima maskini anatumia vizuri kile kidogo alichonacho. Kumbuka pia Polly Hill, aliyewahoji wakulima wa kakao wa Ghana na mwaka 1963 akaonyesha kwamba waliokuwa wakiitwa wakulima wa kujikimu walikuwa wakinunua ardhi, wakihamahama na kuwekeza kama mabepari wengine wowote. Alikwenda akauliza, basi.

Kwenye mtihani, mwanangu, chora mstari, upinde unapopinda, na mfano weka daktari wa gofu.

*Bi Mwalimu, asalaam aleikum. Mwanangu yuko masomoni Uingereza na ananambia huko uchumi una jina la utani, "elimu ya huzuni". Yeye ameambiwa ni kwa sababu ya Malthus kutabiri njaa. Mimi ni mzee wa duka, sikupita chuo, lakini hili limenikaa. Ni kweli?* – Mzee wa duka, Mombasa

Waaleikum salaam, kaka yangu. Mwanao ameambiwa wanachoambiwa wengi, lakini sicho. Jina lilitungwa na Thomas Carlyle, mwandishi Mskoti, mwezi Desemba 1849, kwenye makala kuhusu watu weusi wa visiwa vya Karibi.

Utumwa katika makoloni ya Uingereza ulifutwa kwa sheria iliyoanza kazi 1834, na kufikia 1838 waliokuwa watumwa walikuwa huru kamili. Jamaika, wengi wao waliyapa mgongo mashamba ya miwa wakaenda kujilimia vipande vyao: viazi vikuu, ndizi, maboga. Wenye miwa wakalia kwamba wafanyakazi hawapatikani. Carlyle akashika upande wao. Picha anayoirudia kama mtu mwenye homa ni ya mtu mweusi aliyezamisha uso kwenye boga mpaka masikioni, huku miwa ikioza shambani. Dawa yake ni kwamba alazimishwe, hata kwa mjeledi.

Wanauchumi wa wakati ule walikuwa wakisema acha ugavi na mahitaji viamue. Ukimtaka mfanyakazi, mpandishie ujira. Kwa wewe mwenye duka hilo ni jambo la kawaida: bidhaa ikiadimika, unaongeza bei. Carlyle aliona ni upuuzi usio na uzuri wala utukufu wowote, na hapo ndipo alipoiita elimu yao ya huzuni. Maana yake jina tunalolitania lilitokana na hasira ya mtu aliyeona aibu kukaa kupatana bei na mtu mweusi.

Mwezi uliofuata, Januari 1850, John Stuart Mill akamjibu kwenye jarida lilelile. Mill ndiye alikuwa mwanauchumi mkubwa wa siku zile, na kwenye kitabu chake cha 1848 alishaandika kwamba katika njia zote za hovyo za kukwepa kufikiria jinsi jamii inavyomfinyanga mtu, ya hovyo kupita zote ni kusema tofauti za watu ni za asili. Wawili hawa wakaja kugongana tena. Mwaka 1865 watu wa Morant Bay, Jamaika, waliandamana. Gavana Edward Eyre akatuma askari, wakaua zaidi ya watu 400. Mill akaongoza kamati iliyotaka gavana ashtakiwe kwa mauaji. Carlyle akaongoza waliomtetea, na Charles Dickens, ndiyo yule wa riwaya za mayatima, alikuwa upande wa Carlyle. Eyre hakutiwa hatiani.

Usinifanye nimpambe Mill kupita kiasi, lakini. Alikuwa mtumishi wa Kampuni ya India Mashariki kwa miaka 35, na mwaka 1859, kwenye kitabu chake cha kutetea uhuru, aliweka kifungu kwamba udikteta ni utawala halali kwa watu aliowaita washenzi, mradi nia iwe kuwaendeleza. Alikataa tofauti ya kuzaliwa, akaruhusu tofauti ya "bado hawajafika". Ukoloni uliokuja kwetu ulikaa vizuri sana kwenye kiti hicho cha pili.

Ila mwambie mwanao asome Carlyle wa 1849 halafu yule Delamere niliyemtaja hapo juu. Kilio ni kimoja.

*Shikamoo Mwalimu. Niko idara ya utumishi kwenye kampuni binafsi hapa Dar. Tukiajiri watu wa mapokezi, bosi hasemi moja kwa moja lakini anataka "weupe weupe", na majina ya makabila fulani anayaruka. Nimemweleza mume wangu, ambaye ni mfanyabiashara, akanijibu nisijichoshe: anayebagua anapoteza watu wazuri, washindani watawachukua, soko litamwadhibu. Anasema hata wanauchumi wamethibitisha. Wamethibitisha?* – Mama wawili, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Mumeo ni mfuasi wa Gary Becker, hata kama hajawahi kulisikia jina hilo. Mwaka 1957 Becker, kijana wa Chuo Kikuu cha Chicago, alitoa kitabu cha kwanza kikubwa kilichoutazama ubaguzi kwa zana za uchumi wa kisasa. Wenzake wengi waliona hayo si mambo ya wanauchumi. Hoja yake: ubaguzi ni kama kionjo, kama mtu asiyependa bamia. Mwajiri asiyewapenda watu weusi yuko tayari kulipa zaidi ili asiwe nao. Basi ubaguzi una gharama, na mwajiri asiyebagua atapata watu hodari kwa bei nafuu.

Kuna kitu cha kweli hapo, na napenda kwamba Becker alimwondoa mvivu wa Jevons jukwaani. Swali likahama kutoka "mtu mweusi ana kasoro gani?" likawa "mwajiri ana tatizo gani?" Hilo si dogo. Lakini Kenneth Arrow, mwanauchumi mwingine wa Nobel, aliiweka kasoro yake kwa ufupi miaka ya 1970: nadharia hii inatabiri kutokuwepo kwa kitu kilekile ilichoundwa kukieleza. Kama soko linauondoa ubaguzi, mbona umekaa miaka yote hii?

Tazama migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Mwaka 1922 wenye migodi walitaka kuwaweka Waafrika kwenye baadhi ya kazi za Wazungu, maana wangelipwa kidogo. Hapo mumeo angesema, unaona, soko! Wachimbaji wa Kizungu wakagoma, mgomo ukawa vita mitaani Johannesburg, na bango lao moja liliwaita wafanyakazi wa dunia waungane kupigania Afrika Kusini nyeupe. Uasi ulizimwa kwa mabomu, lakini miaka minne baadaye, 1926, sheria ikapitishwa kuwafungia Waafrika kazi za ujuzi. Na wenye migodi wenyewe, waliotaka soko huru la kazi za juu, kwa kazi za chini hawakulitaka kabisa. Walikuwa na wakala wa pamoja wa kuajiri, Wenela, ili mgodi usishindane na mgodi kwa mshahara. Matokeo yake mshahara halisi wa mchimbaji mweusi mwaka 1969 haukuwa mkubwa kuliko ule wa 1911. Miaka 58. Mwambie mumeo adhabu ya soko ilichelewa njiani.

Huku kwetu serikali ndiyo ilikuwa mwajiri, na bei iliwekwa kwa kalamu. Mwaka 1948 tume ya mishahara ya Afrika Mashariki, Tume ya Holmes, ilipendekeza asiye Mzungu kwenye cheo kilekile alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Ilidumu mpaka Tume ya Lidbury ya 1954. Mjomba wangu aliyesomea udaktari Makerere alikuwa akiulizwa hali anajibu, "Tatu ya tano, namshukuru Mungu."

Kuna na aina ya pili ya ubaguzi ambayo bosi wako atajitetea nayo siku utakapomkabili: "Sina chuki na mtu, naangalia uzoefu." Wanauchumi wanauita ubaguzi wa takwimu: humjui mwombaji, basi unamhukumu kwa wastani wa kundi lake. Arrow na Edmund Phelps waliueleza mwaka 1972, lakini wenyewe ni mkongwe. Kampuni ya bima ya Prudential ya Marekani tangu 1881 ilikuwa ikiwalipa wateja weusi theluthi moja pungufu kwa ada ileile, kwa hoja kwamba wanakufa mapema. Majimbo yalipoanza kuzuia kwa sheria, kampuni ikamwajiri mtakwimu, Frederick Hoffman, Mjerumani kwa kuzaliwa. Mwaka 1896 akatoa kitabu kilichojaa majedwali kikidai vifo hivyo vinatokana na asili ya mtu mweusi, na kwamba watu weusi wa Marekani wako njiani kutoweka. Mchapishaji wake alikuwa Chama cha Wanauchumi cha Marekani. W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani aliyekuwa amesomea uchumi Berlin, akakipitia mwaka uliofuata na kufanya jambo rahisi: akaweka pembeni vifo vya Wazungu wa miji ya Ulaya, Munich ukiwemo. Vilikuwa vinalingana au kuzidi. Wajerumani wa Munich hawakutangazwa kuwa wanatoweka. Miaka mitatu baada ya kitabu cha Hoffman, Du Bois akachapisha utafiti wake wa mtaa wa weusi wa Philadelphia, alikotembea nyumba kwa nyumba akihesabu vyumba, kodi za nyumba, mishahara na kazi ambazo watu walikataliwa.

Kuhusu majina anayoyaruka bosi wako, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha mwaka 2004 jaribio walilofanya Boston na Chicago. Walituma wasifu wa kutunga karibu 5,000 kwenye matangazo ya kazi, sifa zilezile, majina tu tofauti: mengine yanasikika ya kizungu, kama Emily na Greg, mengine ya Wamarekani weusi, kama Lakisha na Jamal. Emily aliitwa mara moja kwa kila maombi kumi. Lakisha ilimbidi atume kumi na matano. Na makampuni hayo yalikuwa yanashindana sokoni kila siku.

Wewe unayo nafasi ambayo watafiti wale walilazimika kuitunga, maana maombi halisi yanapita mezani kwako. Chukua ya miaka miwili ya nafasi za mapokezi. Mtu mwingine afunike majina na picha kwa karatasi, wewe uchague wanaostahili kuitwa kwa sifa peke yake, kisha mlinganishe na walioitwa kweli. Usianze na lawama kwa bosi; anza na orodha hizo mbili, zikae mezani kwake zikitazamana. Kama zinafanana, nitakula maneno yangu. Kama hazifanani, mwonyeshe kwanza mumeo, halafu muulize hao walioachwa wako kwa mshindani gani sasa hivi.

Ukimaliza niandikie ulichokiona. Jina la kampuni usilitaje. Mhariri wangu ana moyo mdogo.